Onyo la Josho, Nafasi ya Thelathini na Moja

Uliliona. Usiniambie hukuliona, maana mimi naweka kumbukumbu. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka juzi, niliandika kwenye kundi letu la watumiaji wa Kipimo: "Mkipanga faharasa kwa wingi wa waliofungua ukurasa, maonyo yatazama, na siku moja yatazama na mtu." Watu mia mbili na sita walisoma. Mmoja aliweka kidole gumba. Wengine mkapita, kama mtu anayepita penye msiba akaongeza mwendo.

Kwa uliyeingia kundini jana: Kipimo ni maktaba ya programu. Ni vipande vilivyokwisha kuandikwa, vya kukokotoa dawa za mifugo na mazao, na fundi yeyote anavichukua akaviweka kwenye programu yake ya simu. Maelezo yake ni kurasa mia nne. Hakuna anayezisoma zote. Mtu anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, faharasa inamletea orodha, anafungua ukurasa wa kwanza, basi. Kwa hiyo anayepanga faharasa ndiye anayeamua kipi kipo duniani na kipi hakipo.

Faharasa ya kwanza niliipanga mimi, Mboje, fundi simu wa karibu na stendi ya Bariadi, niliyeishia darasa la saba. Ilikuwa na sheria moja: ukurasa wenye onyo unatangulia. Wakaja wenye vyeti, wakasema inawachosha watumiaji. Wakaweka yao: ukurasa unaofunguliwa na wengi ndio unaopanda. Sylvester, mmoja wa watunzaji watatu wa Kipimo, aliniambia kwa simu, "Mzee, watu wengi hawawezi kukosea wote." Maneno hayo niliyaandika ukutani kwa wino, juu ya meza yangu. Bado yapo.

Sasa sikiliza kilichotokea kule Zagayu.

Winnie, binti aliyejifunzia programu kwenye kibanda changu, alitengeneza programu ya simu kwa ajili ya josho la kijiji, lile birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Mwangalizi wa josho, Masele, anaandika kiasi cha maji, simu inamwambia dawa ya kuongeza. Winnie alitafuta neno "josho", akafungua ukurasa wa kwanza, akaufuata. Ukurasa ule ni wa toleo la zamani. Zamani mtu aliiambia Kipimo maji yote yaliyomo, yenyewe ikaondoa yale yaliyokuwemo kabla. Toleo jipya haliondoi kitu. Linataka maji uliyoongeza tu. Ukiliambia maji yote, linakupimia dawa ya josho zima, juu ya dawa ambayo tayari imo. Onyo lipo, limeandikwa kwa herufi nene. Liko nafasi ya thelathini na moja.

Masele alijazia josho mara tatu, na mara zote tatu simu ilimpimia dawa ya josho zima. Asubuhi baada ya ile ya tatu, mjane mmoja, Ng'washi, alileta ng'ombe wake wawili. Akainama ukingoni, akanusa, akawageuza.

"Maji haya yanakaba," alimwambia Masele. "Wangu leo hawaogi."

"Mayu, simu imepima. Hiyo pua yako imepima nini?"

Watu wakacheka. Wakaswaga ng'ombe wao ndani.

Kufikia kesho yake mchana ng'ombe kumi na tisa walikuwa wamelala na povu mdomoni. Wawili wa Ng'washi walikuwa wanacheua.

Unaona inakoelekea. Unajua kwetu mama mzee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa samadi, anaitwaje ng'ombe wa wenzake wakifa na wake wakibaki. Mimi nawakumbuka wawili waliouawa kwa jina hilo, tangu nikiwa mdogo. Majina yao nayajua. Na waliokuwa wanajua ukweli wakanyamaza, hao nao nawajua, mmoja ni baba yangu. Jumatatu Ng'washi aliamka akakuta mlango wake umechorwa msalaba wa mkaa.

Winnie alikuja kibandani siku ileile. Hakukaa.

"Kaka Mboje, nimefuata maelezo neno kwa neno."

"Ulifungua ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza. Kwani wewe huwa unafungua wa ngapi?"

Baadaye nilichungulia kumbukumbu za ufunguaji. Ule ukurasa wa zamani, mimi mwenyewe nilikuwa nimeufungua mara mia mbili na kumi na mbili, nikisahihisha lugha yake. Kila wiki niliyoufungua niliupandisha. Liandike na hilo, nisije nikajifanya nimesimama nje.

Jumanne tulipanda pikipiki hadi Zagayu. Mwenyekiti wa kijiji, Masunga, alitupokea chini ya ukuta wa ghala la pamba, Masele kando yake, na wanaume kama kumi ambao salamu waliitikia kwa shingo upande.

Winnie alisema mwenyewe. Alisema programu ni yake, kosa ni lake, mama yule hana hatia.

"Binti," Masunga akamwambia taratibu, "nimeuliza nyumba arobaini. Kila nyumba imetaja jina hilohilo."

"Kila nyumba imelisikia kutoka nyumba ya jirani," nikasema.

"Ndiyo watu wanavyojua mambo, Mboje. Au wewe unayajua kwa ndoto?"

Masele akanyoosha simu yake. "Mnasema mashine ilikosea. Haya, tuulize wenye mashine. Tafuta hapa, mbele ya wote."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na hasira, nikataka kuwashinda kwa simu yao wenyewe. Nikaandika "josho". Orodha ikaja. Masele akagusa ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama anasoma somo kanisani: ipe Kipimo maji yote yaliyomo. Akarudia.

"Maji yote yaliyomo. Ndivyo nilivyofanya. Ndivyo binti alivyofanya. Wenye mashine wenyewe wanasema tulifanya sawa."

Nikamnyang'anya simu, nikashuka, nikashuka, hadi thelathini na moja. Nikawaonyesha onyo. Masunga alilisoma kwa makini, sitamsingizia.

"Huu umeuchimba wewe kwa kidole chako," akasema. "Ule ulikuja wenyewe. Mtu akitaka uongo, hakosi pa kuuchimba."

Wanaume wakaguna kukubali. Na mimi nikaelewa kwamba tulikwenda kumtetea yule mama tukampelekea ushahidi wa kumtia hatiani. Kama simu haikukosea, basi nani?

Tulimkuta Ng'washi anapepeta mtama. Msalaba ulikuwa bado mlangoni. Alisema hafuti, aliyeuchora aje aufute. Nilimwomba aje Bariadi, akae kwa mke wangu, Domitila, mpaka mambo yapoe.

"Mwanangu, nikiondoka nimekiri."

"Usipoondoka?"

"Nimebaki." Akapuliza makapi. "Nilinusa tu. Hata wao wana pua. Kwa nini wananiuliza nilijuaje, badala ya kuulizana kwa nini hawakunusa?"

Hilo swali ni lako. Mimi nimelibeba kutoka Zagayu hadi hapa ili nikuletee.

Nimeripoti polisi habari za msalaba; nimeambiwa nisubiri. Nimempigia Sylvester. Kubadili sheria ya faharasa kunahitaji watunzaji wawili kati ya watatu. Amesema hoja yangu ni nzuri, wataijadili kikao cha mwezi ujao. Nikamwambia mkutano wa kijiji ni Jumamosi, na Masunga amesema mbele ya wote: watatafuta tena, hadharani, na ukurasa utakaokuja wenyewe ndio watakaousikiliza. Sylvester akasema ana mtu kwenye simu nyingine.

Leo Alhamisi. Asubuhi Winnie amepita kwa Ng'washi. Kuna msalaba wa pili, ukutani, upande anaolala.

Faharasa hii inahesabu waliofungua siku saba za karibuni. Ukurasa wa zamani una watu elfu moja na mia tatu. Kundi letu lina watu elfu mbili na mia moja. Piga hesabu mwenyewe, wala usinipigie makofi, usiniwekee kidole gumba. Andika "josho" kwenye kisanduku. Usiguse wa kwanza. Shuka hadi thelathini na moja, fungua, usome mpaka mstari wa mwisho. Halafu mwandikie Sylvester na watunzaji wenzake, kwa jina lako kamili, waliweke onyo mbele kabla ya Jumamosi. Mimi nitakuwa naangalia nani amefungua na nani amepita, na unajua mimi sisahau.

Simu iko mkononi mwako. Shuka sasa.