Simu Sandukuni

Mjukuu wangu wa kike alikwenda ng'ambo kujitolea kuhesabu tai na mwewe wanaohama. Babu yake, fundi seremala, alicheka mpaka akakohoa: "Kuku watano bandani walimshinda, ataweza mwewe!" Lakini kila jioni alikaa akingoja simu. Mtoto akitaja hesabu ya siku, mzee aliiandika kwa penseli yake ya kazi kwenye kalenda ya ukutani.

Mchana hapatikani. Yeye na wenzake wakiwa kilimani kuhesabu, simu zao zote hutiwa sandukuni, maana ukiinamisha macho kidogo tu, mwewe kapita.

Alhamisi asubuhi mzee alizidiwa. "Nipigie yule mke wangu mdogo," akaniambia, kwa utani wake wa siku zote kwa mjukuu, "nimsikie sauti." Nikapiga mara kumi na moja, ikaita tu mpaka ikakatika. Adhuhuri mzee akakata roho, simu ikiwa kifuani pake.

Jioni ikalia.

"Mke mwenzangu! Umenipigia mara kumi na moja, wivu huo! Leo wamepita elfu mbili mia tisa na nne. Mwambie mume wetu aandike."

Nikaichukua ile penseli, nikaandika mwenyewe kwenye Alhamisi yake, tarakimu zangu za darasa la tatu zikipinda.

"Bibi, ameshaandika?"

"Imeandikwa, mama," nikasema. "Sasa tafuta mahali ukae."