Mahdia Bila Wageni

Gloriose alikuwa ametoa sharti moja tu: habari za Mahdia zisitoke nje ya nyumba. Mahdia ni mji wa kale wa pwani ya Tunisia, wenye ngome ya mawe, mchanga mweupe, na hoteli za bei ambayo hata mwanamke anayeogesha wazee kutwa, kama yeye, angeweza kuimudu. Kwa miaka yote waliyoishi St Marys, huko ughaibuni, kila likizo yake ilikuwa imeliwa na harusi, matanga au wageni wa kulala sebuleni. Safari hii alitaka kulala ufukweni na mumewe, asimpikie mtu. Hoteli ilikwisha kupatikana. Tiketi za ndege wangenunua Ijumaa.

Libère, mumewe, aliliafiki sharti hilo kwa moyo mmoja. Jumapili, baada ya ibada, akamnong'oneza Bigirimana, kiongozi wa kwaya.

"Kumbe unaenda Afrika!" Bigirimana akapaza sauti, nayo ilikuwa sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma bila kipaza sauti.

"Tunisia," Libère akasema chinichini.

"Kwani Tunisia iko Ulaya?"

Jioni hiyohiyo mizigo ya kupelekewa ndugu wa nyumbani ikaanza kuwasili: viatu vya shule, miwani ya mzee fulani, dawa za vitamini, na gauni zima la bibi harusi wa Bujumbura. Libère alipoeleza kwamba kati ya Mahdia na Bujumbura kuna jangwa, wenye mizigo walimjibu kwa upole kwamba mtu akishafika Afrika, kilichobaki ni kupanda basi.

Gloriose aliporudi kutoka kazini alikuta sebule imegeuka bohari. Hakupiga kelele, jambo lililomtia Libère hofu zaidi.

"Baba Lyse, nani amewaambia?" akamuuliza mumewe.

"Labda wamekisia."

"Watu wamekaa tu kanisani, wakakisia Tunisia?"

Simu ikalia, Libère akaipokea kwa spika. Alikuwa Mama Dévote, mama yake Libère, akipiga kutoka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika.

"Mwanangu, nasikia unakuja Afrika."

"Ni kaskazini kabisa, Mama. Tunaenda ufukweni kidogo."

"Ufukweni? Kwani ziwa letu limekauka?"

Libère akamtazama mkewe. Mwana anayelikanyaga bara na kuondoka bila kumwamkia mama yake husemwa mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mume anayemnyima Gloriose Mahdia naye angesemwa mpaka siku hiyohiyo. Basi akafanya alichofanya katika mambo yote mazito: akampa mkewe simu.

"Mama, nitakueleza ukweli," alisema Gloriose. "Nimechoka. Nikitoka kuogesha wazee wa watu, narudi kupikia wageni. Nikija huko utanipenda, utauita ukoo mzima unione, nami nitaamka alfajiri kuwachemshia chai. Nataka kulala, Mama. Nilale mpaka nichoke kulala."

Libère akashika ukingo wa meza.

"Mimi tangu niolewe," Mama Dévote akasema taratibu, "hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka." Akakohoa. "Na huyo mwanangu, huko atafanya nini?"

"Atanisindikiza tu."

"Peke yako huwezi kulala?"

"Naweza vizuri sana, Mama."

"Basi nenda ukalale, mwanangu. Huyo niletee mimi. Paa la jiko langu linavuja."

Libère, ambaye alikwisha kununua kaptula ya kuogelea yenye maua, aliinua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Hakuna aliyemwona.

"Siku hizi anakula nini?" Mama Dévote akauliza.

"Kila kitu, Mama. Ila ndagala, hao dagaa wa ziwani, usimpe usiku, tumbo humsumbua."

"Nimesikia. Na kutandika kitanda anajua?"

Gloriose akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza jioni ile akamtazama kwa huruma.

"Anajitahidi, Mama."