Jiwe Lililopauka Dirishani

Saa moja na robo asubuhi, jiwe lililokuwa kwenye dirisha la mshonaji lilikuwa limepauka. Miezi mitatu nyuma, mdogo wake, mkata vito, alikuwa amempa jiwe hilo, kwatzi ya waridi yenye ukubwa wa yai la kuku na rangi ya ufizi wa mtoto. Sasa rangi yake ilikaribia ya maziwa.

"Umeona?" dada alimwambia mdogo wake, akikunja gauni la mteja. "Linafyonza ugonjwa. Nikilala naliweka juu ya uvimbe, asubuhi nalianika lipate nguvu. Hospitali siendi tena."

Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto. Daktari alitaka kuchukua kinyama cha kupima siku hiyo hiyo, saa tatu.

"Dada, ni jua limelipausha. Kisu hakilikwaruzi, lakini rangi yake si ngumu hivyo."

"Wewe si ndiye uliyeniambia ni jiwe la kutuliza moyo na mwili?"

Ni kweli, mkata vito alisema hivyo. Ndivyo anavyowaambia wateja, na wateja hununua. Dada aliyapokea kama maneno ya mtaalamu.

Mkata vito hakubishana. Alivuka barabara hadi karakana yake, akarudi na vipande viwili vilivyobaki alipolikata jiwe lilelile. Kimoja alikitoa kwenye droo, kingine kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua. Aliviweka juu ya meza ya cherehani. Cha droo kilikuwa bado waridi. Cha kabatini kilikuwa kimepauka kama jiwe la dada.

"Hiki kimemponya nani?"

Dada alikigeuzageuza. "Labda kabati lako lilikuwa na homa," alisema, wala hakucheka.

"Dada…"

"Ebu niache kidogo."

Alivipanga vipande na jiwe lake kwa mstari, akavitazama. Kisha mkono wake ulienda titini, juu ya nguo, ukakaa hapo muda mrefu.

"Haujapungua," alisema. "Umeongezeka. Siku zote hizi sikuupima, nilikuwa naangalia jiwe tu."

"Nilikosea kukuambia yale."

"Utaniomba radhi njiani. Nishikie mkoba."

Saa tatu na dakika ishirini, hospitalini, nesi aliita namba yake. Dada aliingia peke yake, na mlango ukafungwa.