Aksanti Alivyompigia Kampeni Guverneri

Aksanti alimtambua kwa kauli, si kwa sura. Sura ilikuwa imekwisha: ndevu hana, mashavu yamebonyea, kichwa kizima mvi. Alikuwa pale bombani, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akisuluhisha wanawake wawili waliogombea foleni, na watu walimwita Papa Bazilio. Mmoja wa wanawake wale alipomaliza kulalamika, mzee yule aliinamisha kichwa akasema kwa upole, "Nimekusikia, mama. Na mlima umekusikia."

Ndoo ikamponyoka Aksanti.

Ng'ambo ya ziwa, walikotoka, hakuna asiyeijua kauli ile. Ilikuwa ya Guverneri Stanislaus Lwaboshi, aliyeanza kazi akiwa karani wa forodha, akawa mbunge, kisha akakabidhiwa jimbo zima la milimani wakati serikali ya mji mkuu ikiyumba kama mlevi. Mwanzoni alipendwa. Alijenga daraja, akalipa walimu mishahara iliyolala, akasafisha majambazi barabarani. Baadaye majambazi walewale aliwavika sare wakawa askari wake. Alipoitwa mji mkuu akajieleze, hakwenda. "Milima ina mwenyewe," alisema, na tangu siku hiyo watu wa jimbo lake walijifunza kuongea kwa macho.

Mume wa Aksanti, Rodrigue, alikuwa mwalimu mkuu. Siku moja ya mvua kubwa alikataa kuwatoa watoto wa shule wakapange mstari barabarani kumwimbia guverneri. Jumapili iliyofuata Lwaboshi alikuja nyumbani kwao mwenyewe, kicheko tele, akala sombe ya Aksanti, kisamvu kilichopondwa, akaisifu, kisha akamwambia Rodrigue waingie garini wakazungumze kidogo. Rodrigue hakuonekana tena. Aksanti alipokwenda ofisini kumuulizia, Lwaboshi aliinamisha kichwa akamjibu kwamba amesikia, na mlima umesikia.

Vita vilipomng'oa guverneri, ilisemekana amefia msituni. Aksanti akavuka ziwa, na hapo Nyarugusu akawa anauza mawese na dagaa. Na sasa, marehemu huyo alikuwa anapanga foleni ya maji.

Wazo la kwanza lilikuwa sumu. Akaliacha. Sumu ingemuua Papa Bazilio, mzee wa bomba, na kambi nzima ingemzika kwa nyimbo na machozi. Yeye alimtaka Lwaboshi, kwa jina lake.

Akampima jirani yake, Esperance. "Guverneri Lwaboshi angekuwa muzima, ungemufanya nini?"

"Ningemupikia!" Esperance alijibu bila kusita. "Ule muntu alitujengea daraja. Mutoto wangu alivuka pale kwenda hospitali, akapona."

Aksanti akaelewa kwamba neno lake peke yake halingefika mbali. Tena Bazilio alikuwa mwangalifu: simu ikiinuliwa tu, anavuta kofia usoni, anapotea. Lakini mlevi hategwi kwa kamba, hutegwa kwa pombe, na pombe ya Lwaboshi Aksanti aliijua.

Akampelekea sombe. Mzee akala mpaka akalamba vidole. "Tangu nyumbani sijala sombe kama hii," alisema, akamtazama Aksanti kama anavyotazamwa mpita njia. Hilo lilimchoma kuliko yote. Amekula mezani kwake, amemfanya mjane, na hata sura yake haikumbuki!

Akameza machungu. "Papa, kanda yetu haina kichwa. Mwenyekiti analala tu. Weye ni muntu wa kuongoza."

"Mimi nimezeeka, mama. Niacheni na bomba langu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshapanda shingoni, unanyoosha kola ya shati.

Aksanti alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliyenunua mawese kwake alipewa na sifa za Bazilio kama nyongeza. Wanawake wakaafiki, vijana wakafuata, na siku ya kuchagua hakuna aliyempita.

Pombe ya ukubwa ikaanza kazi. Kwanza Bazilio alitaka kiti chenye mikono. Kisha akataka watu wasimame akipita. Kisha vijana wenye fimbo wakawekwa bombani, na aliyebisha alirudishwa mwisho wa foleni. Siku moja mama mjamzito alisukumwa akaangukia ndoo yake. Aksanti alikuwa nyuma yake. Angeweza kupaza sauti. Alijisemea moyoni, "Bado kidogo," akamwinua yule mama, akamfuta matope.

Ilipofika siku ya kupokea wageni wakubwa, Bazilio, mwenyekiti mpya, alipangiwa kutoa neno la shukrani. Aksanti alimtafuta Mansuri, mfanyabiashara wa vitenge wa Kasulu ambaye huleta bidhaa zake sokoni kambini.

"Mrekodi yule mzee," alimwambia.

"Babu huyu? Ana nini, dada?"

"Ana maneno matamu. Warushie wenzako unaofanya nao biashara kule ng'ambo."

Bazilio alianza kwa sauti ya chini, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Makofi ya kwanza yakamwinua kidevu. Ya pili yakamvua kofia. Ya tatu yakamrudisha alikotoka: akanyoosha mkono kuelekea vilima vya Kasulu, akanguruma, "Milima ina mwenyewe!"

Mwanamke mmoja akapiga ukunga kule nyuma, na mwingine, na mwingine.

Jioni ile video ilikuwa imeshavuka ziwa, na majibu yalimiminika kwenye simu ya Mansuri: ni yeye, ni yeye. Asubuhi kiti chenye mikono kilikuwa kitupu.

Alipatikana kijijini Kitahana, upande wa Kibondo, akilima mihogo kibarua. Mwenye shamba alikuwa ameiona video. Polisi wakampeleka Kibondo mjini, kisha gari likaja kambini kumchukua Aksanti, aliyejitolea kushuhudia, akamtambue.

Walikalishwa meza moja. Afande akatoka kidogo kupokea simu.

"Nilikujua tangu sahani ya kwanza," Lwaboshi alisema. "Sombe yako haisahauliki."

"Na ukala?"

"Nilidhani umenisamehe." Akasogea mbele. "Rodrigue alitoka bila viatu. Aliniomba arudi kuvichukua, nikamwambia hatakawia."

Aksanti alishika ukingo wa meza. Viatu vile alivikuta mlangoni jioni ile, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Ninajua alipozikwa," mzee aliendelea. "Nitakuelekeza mpaka mti wenyewe. Sema tu hunijui. Hiyo video ni ya Papa Bazilio, mzee wa bomba. Wa kunitambua kwa sura ni weye tu, uliyenipakulia nyumbani kwako."

Aksanti aliliona kaburi akilini. Aliona msalaba, aliona mahali pa kukaa na kuongea na mumewe. Afande akarudi, akavuta kiti. "Mama, unamfahamu huyu?"

Akamtazama Lwaboshi. Kidevu kilikuwa kimeanza kupanda, kama cha mtu aliyekwisha hesabu kura akaona zinatosha. Alikuwa ameanza kutawala tena, humo humo kituoni.

"Ni Stanislaus Lwaboshi," alisema. "Ndiye aliyemchukua mume wangu."

"Basi hutamwona!" mzee akafoka. "Hutamwona mpaka ufe!"

"Na weye hutasimama mbele ya watu tena."

Lwaboshi alirudishwa ng'ambo, akafungwa. Kambini, Esperance alihamisha meza yake mbali na ya Aksanti. "Ulimulisha ukamuuza," alisema, wala hakumsalimia tena. Yule mama aliyeangushwa bombani alijifungua salama, lakini akipita penye mawese hutazama kando.

Siku moja Mansuri alishusha vitenge vyake, akakaa. "Dada, kuna jamaa wanaingia kule gerezani. Naweza kumtumia mtu amwombe akuelekeze kaburi lilipo. Mzee amechoka, huenda akasema."

"Nimwombe?" Aksanti alisema. "Nikimwomba, amekuwa guverneri tena."

Akainuka kumpimia mteja mawese. Yalifurika kipimo yakamwagika mezani, naye akayafuta kwa ncha ya kitenge chake.