Sanduku la Barua la Mama Prodige

Kaswera, mshonaji wa mtaa wa Katoyi, hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Muuzaji aliyempunja kitenge kwa upana wa kidole alirudishiwa kitenge chake pamoja na sifa za ukoo wake mzima. Lakini asubuhi ile alikuwa akisubiri mota ya cherehani, na anayesubiri kitu huamini upesi.

Mota aliiagiza kwenye duka la mtandaoni liitwalo Dukambali, iletwe mpaka Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka. Ikaingia barua pepe: mzigo wako umezuiliwa, bonyeza hapa, andika anwani yako ya barua pepe na neno lake la siri, la sivyo kesho unarudishwa. Rangi za duka zilikuwepo, nembo ya duka ilikuwepo. Kaswera akaandika, tena kwa furaha. Kisha akaipiga picha barua ile na kumtumia jirani yake Bénita, amuonee wivu.

Kwa nini asiandike? Magunia ya maharage ambayo ndugu zake wanamtumia toka Butembo hutolewa hivyo hivyo. Anayetuma anakupa code, namba ya siri, unafika ku agence, ofisi ya kusafirisha mizigo, unaisema, unabeba gunia lako. Ukiificha, unalala njaa. Kwa Kaswera, neno la siri lilikuwa neno la kumwambia anayeshika mzigo.

Mchana simu ikakataa kumfungulia barua. Akaipeleka kwa Bénita, anayetengeneza simu chini ya mwavuli kando ya barabara, binti ambaye ulimi wake haujui likizo. Hapo ndipo Bénita alipoifungua ile picha ya asubuhi.

“Mama Prodige, nani alikuandikia hii?”

“Si Dukambali?”

“Dukambali ya wapi! Ona adresse ya mwenye kutuma: jina ya duka, halafu mkia wa nambari murefu kuliko wa ng'ombe wa Masisi. Na banakuita ‘mteja mpenzi’. Papa Prodige, bwana yako, alishakuitaga mpenzi?”

“Hata siku ya ndoa.”

“Sasa duka iliyokuuzia mota haijui jina yako? Tena banakukimbiza, kesho, kesho, usipate muda ya kuuliza mutu. Ungeingia wewe mwenyewe ku Dukambali, uangalie commande yako, ile mota uliagiza. Duka haina kazi na mot de passe, ile neno ya siri ya barua zako, mama. Hata siku moja.”

Kaswera akacheka. “Basi bamekula mota yangu. Ibakwame ku shingo.”

“Mota iko salama. Sanduku ya barua ndiyo bamechukua. Balishabadilisha mot de passe.”

Kicheko kikakatika.

Sanduku lile alifunguliwa na mwanawe, Prodige. Prodige alikwenda Kibumba kununua viazi, vita vikamkuta huko, hakurudi. Tangu hapo familia ilikimbia, simu ya Kaswera ikaibiwa, namba ikabadilika, wakahamia nyumba nyingine. Kilichobaki ambacho Prodige angekumbuka, kama yuko mahali anapoweza kukumbuka, ni anwani ile aliyomtungia mama yake. Kila asubuhi Kaswera aliangalia barua kabla hata ya kufungua dirisha. Alikuta matangazo ya viatu. Kesho yake aliangalia tena.

“Nikufungulie ingine, mama?” Bénita aliuliza.

“Yeye ataijua namna gani?”

Bénita aliigeuza simu mkononi.

“Na akiandika ku hii?” Kaswera aliuliza.

“Batamusoma bale benye kuiba.”

“Batamujibu?”

“Batamwambia mzigo wake umezuiliwa,” Bénita alisema, na papo hapo akatamani kuumeza ulimi wake.

Akainama juu ya simu, akatafuta njia ya kulirudisha sanduku. Ilikuwepo moja.

“Benye kampuni ya barua banasema batatuma code ku téléphone iliyoandikishwa siku ya kufungua. Inaishia na dix-sept, kumi na saba.”

“Ni ya Prodige,” Kaswera alisema.

Namba ile aliipiga mpaka akaizoea sauti ya yule mwanamke wa kwenye mashine, anayesema kila mara kwamba mtu huyo hapatikani. Bénita aliijua habari hiyo. Alibonyeza hata hivyo. Code ilikwenda kwenye simu ya Prodige. Wakaitazama simu wote wawili, pikipiki zikipita na vumbi lao jeusi, mpaka maandishi ya kwenye kioo yakageuka.

“Muda umepita, mama.”

“Tuma tena.”

“Mama Prodige, ile simu…”

“Najua. Tuma tena.”

Bénita akabonyeza.