Kinywaji cha Wakwe Kilichomwagwa

Mama mwenye binti wa kuposwa asome habari hii polepole, hata kama ana kitu motoni.

Maman Pétronille hakulala vizuri tangu Mignonne, binti yake wa pekee, aliposema kwamba watu wa Sylvestre wanakuja kufungua mlango. Kufungua mlango, kwa hawa watu wa Kivu wanaoishi ughaibuni, ndiyo siku ya kwanza. Upande wa kijana unakuja na kinywaji, unakiweka mbele ya wazazi wa binti, na kikipokewa, habari ya mahari itaongewa siku nyingine. Kijana mwenyewe hakuwa na neno baya. Alikuwa muuguzi kule mtaa wa Woluwe, tena alisalimia wakubwa kwa mikono miwili. Lakini Pétronille alikuwa na woga mmoja: pombe. Marehemu mume wake alikunywa shamba, akakunywa nyumba ya Bukavu, mwisho akakunywa maini yake mwenyewe.

"Umewaambia pombe isiingie hapa?" alimuuliza Mignonne.

"Maman, wamesikia. Nimesema mara ngapi?"

"Sema tena. Batu banasikiaka na sikio moja."

Jumapili baada ya ibada wakaja. Aliyeongoza ni Maman Riziki, shangazi yake Sylvestre, aliyemlea tangu utoto na sasa anaishi Berlin. Alisafiri kwa basi akiwa na kreti ya vinywaji miguuni. Wakaketi sebuleni, karibu na jiko lisilo na ukuta, kama nyumba nyingi za mtaa ule wa Ixelles. Upande wa binti msemaji alikuwa Papa Éliézer, kaka yake Pétronille, maana siku kama ile mama wa binti hasemi mpaka aulizwe mwishoni. Anakaa, anaangalia mikono yake.

Pétronille akaangalia mikono yake mpaka Riziki alipotoa chupa. Chupa ya kahawia. Kwenye karatasi yake picha ya pipa, na maandishi manene ya Kijerumani. Riziki akaifungua, akamimina kwenye glasi, akaonja yeye kwanza, kama desturi inavyotaka, ili wenyeji wajue ni salama. Povu likapanda. Harufu ya malti ikamfikia Pétronille pale alipokaa, na ilikuwa harufu ya mashati ya marehemu.

"Hiyo ni nini?" akasema.

Éliézer akamgeukia. "Dada, nyamaza kidogo. Ni mimi niko naongea."

"Nimeuliza, hiyo ni nini."

"Ni kinywaji ya kule kwetu Berlin, mama," Riziki akajibu, bado anatabasamu. "Iko na malt na matunda. Banaitaka Fassbrause. Onja tu."

"Malt. Umesikia, Éliézer? Mi nililalaka na mulevi miaka yote, leo batanifundisha harufu yake."

"Maman, ile haiko bia," Mignonne akasema kwa sauti ya chini.

"We nyamaza. Mapenzi imekufunga macho."

Akanyanyuka. Akamtoa Riziki glasi mkononi, akaenda nayo kwenye sinki, akamwaga. Akarudi kuchukua chupa, akaimwaga nayo, wote wakitazama, povu likijaa sinki kama la sabuni.

"Mumemulea huyu mulevi wenu na pombe," akasema, "basi mumuoleshe kwenu kule."

 Kila mtu pale alijua maana ya alichofanya, na yeye pia alijua. Kumwaga kinywaji cha wakwe ni kusema hatumtaki mtu wenu, rudini naye. Hakuna neno zito kuliko hilo, na si la mama kulisema. Riziki alichukua koti lake.

"Bon," akasema. "Tumejibiwa."

Sylvestre alisimama, akamwangalia Mignonne, akamfuata shangazi yake. Kreti ikabaki pale katikati ya zulia.

Papa Éliézer akaivuta kreti karibu. Halafu akavaa miwani, akachukua chupa nyingine, akasoma karatasi yake kwa kidole mpaka mwisho. Akaifungua, akainusa, akainywa yote, akapangusa sharubu.

"Dada," akasema, "hii ni sucré, soda tu, haina pombe. Ni jus ya pomme yenye imevaa koti ya bia."

Pétronille akaonja. Ilikuwa tamu, ya matofaa, na nyuma yake kitu kama majani ya dawa. Mtoto wa shule angemaliza chupa na kuomba nyingine.

"Shangazi aliitafuta kwa ajili yako," Mignonne akamwambia. Hakulia, na hilo ndilo lilimwumiza mama yake zaidi. "Alisema, nikipeleka Fanta, bazee bataona ninabazarau, ni kitu ya batoto. Bia, mama anakataa. Alors akatafuta kitu yenye povu, yenye heshima, na haina pombe. Sasa amerudi na jina ya kulea mulevi." Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Pétronille akasugua sinki. Ilikuwa safi, akaisugua tena.

Asubuhi, Éliézer alimwambia neno moja: "Ulimutukana mbele ya batu. Utamuomba mbele ya batu." Riziki alikuwa anasukwa nywele kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles kabla ya basi lake. Pétronille akaenda. Saluni ya nywele ilijaa wanawake, na habari ilikuwa imemtangulia.

"Ni huyu mama ya évier, ile sinki?" msusi mmoja akauliza, akionyesha kwa kitana.

"Ni mimi," Pétronille akasema.  Akamsogelea Riziki, aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. "Maman Riziki, niliita mutoto wako mulevi, na sijamuona hata siku moja na chupa. Kinywaji yako haikuwa na mubaya. Woga ilikuwa yangu, nikaimwanga juu yako. Naomba unisamehe."

Mikono ya msusi ilisimama. Riziki akamwangalia kupitia kioo.

"Nimesikia," akasema. "Na mutoto wako sina neno naye, atakuwa mutoto wangu. Lakini kwako sitarudi. Tutarudi kwa Papa Éliézer, na kwenye kiti ya mama atakaa muntu mwingine. Nikikuona pale, nitaona tu sinki."

Pétronille angeweza kubishana. Akafikiria ule mlango wa chumba uliofungwa taratibu.

"Ndiyo, maman," akasema.

Kwa hiyo siku wakwe waliporudi, Pétronille alikuwa jikoni kwa kaka yake, anakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kwenye kiti cha mama alikaa Rolande, mke wa Éliézer, amevaa kitenge kipya. Kupitia mlango, Pétronille alisikia chupa zikifunguliwa, mtu akitania povu, watu wakicheka. Alisikia Mignonne akiulizwa kama kinywaji kipokewe, na Mignonne akijibu kipokewe. Halafu ikaja sauti ya Riziki.

"Mama ya binti anasema nini?"

"Tumekubali," Rolande akajibu.

"Tumekubali," Pétronille akasema naye, polepole, mbele ya sufuria.

Hakuna aliyemsikia. Akapunguza moto, sombe isishike chini.