Mlango Usio na Kishikio

"Baba, nilikuambia usiguse kitu."

"Sijagusa. Nimeegemea."

Gari lilikuwa linapiga kelele kama limeingiliwa na wezi. Watu waliosimama nje ya duka la dawa waligeuka. Mwalimu, aliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa jicho moja, alibonyeza skrini hapa na pale mpaka king'ora kikazima.

"Gari gani hili," alisema baba yake. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, na mtaani bado walimwita Dereva. "Redio imo ndani ya televisheni. Kiti kinanipasha makalio na jua lote hili. Mlango wenyewe hauna pa kushika. Mtu akitaka kushuka anaomba ruhusa kwa nani?"

"Unabonyeza."

"Nabonyeza nini?"

"Baba, basi. Watu wanatutazama. Weka mikono mapajani, na usiguse chochote mpaka nirudi."

"Binti yangu, humo ndani kuna choo?"

"Nachukua dawa zako tu. Sikawii."

Ufunguo ulikuwa mkobani. Alipopiga hatua chache gari likajifunga lenyewe, vioo vya pembeni vikajikunja.

Alikawia. Foleni haikusogea, kisha dawa moja ikabidi itafutwe stoo. Aliporudi, baba yake alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, macho mbele. Mwalimu aliingia, akawasha gari, ndipo harufu ikampata. Akaitazama suruali ya kijivu, kisha akaacha kuitazama.

"Nilimgongea kioo mlinzi wa duka," alisema Dereva. "Akanipungia mkono."

"Lakini baba, ni kitufe hiki hapa tu, ungebonyeza..."

"Uliniambia nisiguse."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto anayejibu alichofundishwa, na Mwalimu akahisi uso unamwaka mpaka masikioni. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha, juu ya lori, yeye Mwalimu akiwa msichana, amekalia mto ili aone barabara. Mwalimu aliparuza gia, akazima injini katikati ya mlima, na hata siku moja hakuambiwa aweke mikono mapajani.

Njia nzima gari ndilo lililozungumza: umetoka kwenye mstari, punguza mwendo, abiria afunge mkanda. Abiria alikuwa amefunga mkanda tangu nyumbani.

Walipokata kona waliwaona wajukuu getini. Nyuma yao alisimama mume wa Mwalimu, anajifuta mikono, tayari kumshusha mzee. Dereva alivuta koti lifike mapajani. Halikufika.

"Zunguka kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Mkwe asinikute hivi."

Hapakuwa na pa kuzungukia. Geti lilikuwa wazi na watoto wameshaanza kukimbia. Mwalimu alisimamisha gari pale pale barabarani, akanyoosha mkono kiti cha nyuma, akachukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, akaifungua. Alimmwagia baba yake mapajani, kwenye kiti, kisha akajimwagia mwenyewe sketi nzima mpaka viatu.

"Ya baridi," alisema Dereva.

"Najua, baba. Nisamehe."

Mzee alitikisa kichwa kidogo, kukubali. Mwalimu akashuka wa kwanza, anachuruzika maji, akamkatia mumewe njia kabla hajaufikia mlango.

"Nimemmwagia baba maji, mimi na haraka zangu," alisema kwa sauti ya darasani. "Leteni taulo. Na mtu asicheke."